Mtoto na maji: ndoo, kisima na shimo la matofali

Ukitaja kuzama, watu wengi wa Mbeya na Iringa huwaza ufukwe wa Matema, Ziwa Nyasa, au Mto Ruaha. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano hafiki huko peke yake. Anachofikia ni ndoo ya kufulia, pipa la maji ya mvua, kisima cha jirani na shimo la matofali nyuma ya nyumba. Anza na hivyo.

Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kikilinganishwa na mwili wake. Akiinama kuokota kikombe kwenye ndoo ya lita 20, anatumbukia kichwa chini, miguu juu, na hana nguvu ya kujiinua. Maji ya sentimita chache yanayofunika pua na mdomo yanatosha. Usitegemee kusikia kelele, maana anayezama hana pumzi ya kulilia. Ukimaliza kufua, mwaga maji na uigeuze ndoo kifudifudi hapo hapo. Maji ya matumizi yakae kwenye madumu yenye vifuniko. Pipa lifunikwe kwa mbao nzito, si kipande cha bati. Bati linateleza na kutumbukia pamoja na mtoto.

Kisima cha kuchimba kwa mkono kijengewe ukuta usiopungua mita 1 na mfuniko wenye bawaba na kufuli. Halafu angalia pembeni: mara nyingi kuna tofali au gogo la kukanyagia wakati wa kuchota. Kwa mtoto hiyo ni ngazi. Liondoe.

Shimo la matofali ndilo baya kuliko yote. Udongo huchimbwa kiangazi, tanuru likachomwa, shimo likasahaulika. Mvua zikianza Novemba linajaa, na kwa kuwa udongo wa mfinyanzi haupitishi maji upesi, linaweza kubaki na maji miezi kadhaa baada ya mvua kukatika. Maji ni ya tope, kina hakionekani, kingo zimesimama wima. Aliyetumbukia akishika ukingo, udongo unamomonyoka mkononi. Hata anayejua kuogelea huchoka, tena upesi zaidi kwenye baridi ya Juni na Julai ya Njombe au Makete, maana maji baridi hulegeza mikono na miguu.

Kulifukia ndiyo dawa. Udongo usipopatikana, kabla ya mvua chukua sululu na jembe, ukate upande mmoja uwe mteremko: kwa kila mita 1 ya kina, mita 3 za kwenda mbele. Shimo la mita 1.5 linahitaji mteremko wa mita 4.5, ili aliyeingia aweze kutoka akitambaa. Kiwanja kikiwa na mwinamo, toboa mfereji upande wa chini maji yatoke. Ukiamua kuweka uzio, na hii inahusu pia bwawa la samaki, tumia mianzi iliyosimama wima, kimo mita 1.2, nafasi zisizidi sentimita 10. Fito za ulalo zifunge upande wa maji. Zikikaa nje, mtoto atazipanda. Uzio wa miiba usiutegemee: ukikauka, watu wanaugeuza kuni.

Kuna suala la mwangalizi. Mama anapalilia vinyungu, yaani bustani za bondeni, mdogo ameachiwa kaka yake wa miaka saba. Huyo kaka naye anahitaji kuangaliwa. Afadhali wigo wa mianzi wa mita 2 kwa 2 kivulini, mbali na mfereji, mtu mzima akimwona. Kwenye msiba au harusi, mkabidhi mtoto kwa mtu mmoja kwa kumtaja: "Mama mdogo, mwangalie huyu mpaka nirudi." Watu wakiwa wengi, kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia.

Kwenye mifereji ya mpunga Mbarali, watoto wasioge karibu na kalvati wala lango la maji, kwani mvuto wake humnasa hata mtu mzima.

Mtoto akizama, usijirushe kama hujui kuogelea. Mnyooshee mwanzi mrefu huku umelala kifudifudi, au mrushie dumu la lita 20 lenye maji nusu lita, kifuniko kimekazwa, limefungwa kamba ya mita 10. Maji hayo kidogo hulipatia dumu uzito wa kurushika. Litundike karibu na kisima siku zote.

Akitolewa hapumui, mlaze chali pagumu, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi 5 hadi kifua kiinuke. Asipoonyesha dalili ya uhai, kandamiza katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, kisha rudia bila kuacha. Kina cha kukandamiza ni theluthi ya kifua, kasi mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa aliye chini ya mwaka mmoja, funika pua na mdomo wake kwa mdomo wako, na ukandamize kwa vidole gumba viwili, mikono imezunguka kifua chake. Mwingine apige 114, Zimamoto na Uokoaji. Usimning'inize miguu juu wala kumbinya tumbo: matapishi yataingia mapafuni na dakika zitapotea.

Akizinduka, mlaze ubavu, mvue nguo zilizolowa, mfunike blanketi. Hata akianza kucheka, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Shida ya kupumua inaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye.