Ocellaris au percula? Anza na jicho

Wadau, hawa samaki klauni (clownfish) wa aina mbili, ocellaris na percula, wa rangi ya chungwa wenye mistari mitatu myeupe wanachanganya watu kinoma, na percula kawaida bei yake imechangamka kidogo, so muuzaji akikwambia "huyu percula" usikimbilie kutoa hela.

Mi naanzia jichoni. Sogea karibu na kioo cha tanki umsubiri ageuke ubavu: percula lile duara linalozunguka mboni linang'aa chungwa kabisa, ocellaris limefifia kama kijivujivu hivi. Halafu cheki kingo za mistari myeupe, percula ana weusi mnene kama kapigwa wino, ocellaris kauzi kembamba tu au hamna kabisa, ila akiwa mdogo hii inadanganya sana maana weusi wa percula unakolea anavyokua.

Bado unabisha? Mpige picha (hawatulii hawa), vuta karibu pezi la mgongoni uhesabu miiba ya mbele: ocellaris mara nyingi 11, percula 10.

Wale wa kwetu Kenya na Tanzania wenye mistari miwili na mkia mweupe ni allardi, klauni wa aina nyingine, hao hawamo kwenye huu ubishi.