Mfuko wa sokoni ukae mlangoni

Ukishatoa vitu ulivyonunua, usiurudishe mfuko wa kitambaa jikoni. Tia ndani yake chupa yako ya maji, kisha uutundike kwenye kitasa cha mlango wa kutokea. Mifuko wengi wetu tunayo tele, ila tunaikumbuka tukiwa tumeshafika kulipa. Mfuko ukiwa kitasani, hufungui mlango bila kuugusa. Chupa iwe ya mdomo mpana unaopitisha brashi, maana ikianza kunuka utarudia zile za kununua na kutupa. Kwa manunuzi ya ghafla ukitokea kazini mbinu hii haifui dafu: hapo labda uwe na kifuko chepesi kilichokunjwa mkobani. Samaki na nyama mbichi bebea chombo chenye kifuniko.