Ninavyojibu wasomaji bila kuacha kuandika

Hadithi yangu ya mfululizo hutoka mara mbili kwa wiki, na kila ikitoka meseji humiminika. Niliwahi kujaribu kujibu kila moja papo hapo, nikajikuta mchana umekwisha na ukurasa bado mweupe. Kwa mwandishi mwenzangu aliyefikia hapo, haya ndiyo ninayoyafanya sasa.

Tenga laini ya wasomaji, na kama unaweza, iweke kwenye simu yake. Yangu hulala kabatini mpaka saa 10 alasiri. Najibu hadi saa 11 na nusu, kisha inarudi kabatini. Kwenye WhatsApp Business nimeweka ujumbe wa kutokuwepo: "Asante kwa kuniandikia. Nasoma meseji jioni, nitakujibu ndani ya wiki hii." Mtu akijua anasubiri mpaka lini, hachoki kusubiri.

Ukiifungua simu usianze kujibu. Pitia zote kwanza, uzibandike lebo.

Wanafunzi ndio wengi, hasa Oktoba, mtihani wa kidato cha nne wa Novemba ukikaribia. "Shikamoo mwandishi, naomba dhamira, kesho nakusanya." Kwa hawa nimehifadhi jibu la haraka, linalojitokeza nikiandika alama ya mkwaju (/): waniandikie kwanza wao wameona nini, nami nitaongezea. Ila usilitume kavu. Itikia shikamoo yake, taja jina lake na jambo moja alilolisema yeye. Hiyo ni nusu dakika tu, na msomaji anajua kuwa amesomwa.

Wanaoomba niwasomee miswada nawaambia siku hiyohiyo kwamba sina nafasi. Zamani nilikuwa nikiandika "nitaangalia", nikawafunga watu mwaka mzima.

Meseji nzito hazingoji foleni. Mtoto akikuandikia kwamba anapigwa nyumbani, mjibu kabla ya wote. Mwambie umemsikia na unamwamini, umwelekeze kwa mtu mzima wa karibu anayemwamini, umpe namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, ambayo kwa hapa Tanzania hupigwa bure. Usijifanye mshauri wa usiku kucha, kazi hiyo ina watu wake waliosomea.

Wanaonikosoa nimewawekea daftari lao. Nilimsafirisha mhusika wangu kwa jahazi kutoka Tanga kwenda Pemba mwezi wa kwanza, upepo unasukuma kutoka tezini, nyuma ya chombo, safari nyepesi. Mvuvi mmoja akaniandikia: "Mama, Januari ni kaskazi. Upepo unatoka kaskazini-mashariki, karibu na usoni, hapo mtakwenda bisho, mkipinda huku na huku, mpaka mchoke." Alikuwa sahihi. Nilimjibu kabla sijala, nikaifumua sura yote, na safari ile ngumu ikawa sehemu bora ya hadithi. Mtu wa namna hii muulize tena. Sasa kila nikiandika bahari namtumia aya yeye kwanza.

Barua za sanduku la posta ni chache, lakini ndizo ninazozipa uzito kuliko zote. Msichana wa kidato cha tatu aliniandikia kurasa nne za daftari kwa kalamu ya bluu, mistari imebanana ili karatasi itoshe, na ndani ya bahasha akatia stempu ya kunijibia. Niliiweka mezani nipate siku tulivu ya kumjibu vizuri. Miezi ikapita, zaidi ya mwaka. Nilipomjibu, bahasha yangu ilirudi na stempu yake ileile juu, pembeni imeandikwa kwa wino mwekundu: "Amehitimu." Hakuna namba ya simu, hakuna pa kumtafuta.

Kwa hiyo Ijumaa nikienda posta nabeba mkobani karatasi, bahasha na stempu. Nasomea barua pale pale, nimesimama kwenye kaunta, na siondoki mpaka majibu yameingia kwenye boksi.