Kuchagua na kutunza dizeli ya trekta dogo Dodoma

Kwenye sheli za Dodoma mjini, Chamwino, Kibaigwa au Manyoni hakuna pampu ya dizeli ya trekta. Dizeli ni ile ile ya lori na ya basi. Uchaguzi unaobaki mkononi mwa mkulima ni kununua kwa nani, kununua lini na kubebea kwenye chombo gani. Trekta la nguvu farasi 20 hadi 50, lile linalopita kati ya mistari ya zabibu Hombolo au kulima mashamba ya alizeti, haliyavumilii makosa hapa. Pistoni za pampu yake ya nozeli hulainishwa na dizeli yenyewe, na nafasi kati ya pistoni na ukuta wake ni nyembamba kuliko unywele zaidi ya mara kumi. Chembe ya vumbi usiyoiona kwa macho inatosha kuukwaruza.

Anza na mdomo wa tangi. Matrekta madogo mengi yaliyotumika hutoka Japani, na karibu na kifuniko huandikwa 軽油. Hayo ndiyo maandishi ya dizeli. 灯油 ni mafuta ya taa, ガソリン ni petroli. Yaweke kwenye simu na umwonyeshe dereva, kwa sababu mtu akimimina petroli mashine ikawashwa, pampu inakosa ulainisho na kukwangua ndani kwa muda mfupi. Kosa likitokea, usiguse hata ufunguo. Mwaga tangi lote, badilisha filta, ndipo ujaze upya.

Jambo la pili ni salfa. Kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza kutumika 2015 kilitaka salfa isizidi miligramu 50 kwa kilo ya dizeli. Kwa trekta lenye pampu ya kawaida hiyo inatosha kabisa, na namba ya seteni (kipimo cha wepesi wa dizeli kuwaka) inayotakiwa na vitabu vingi vya matrekta, 45 au zaidi, hupatikana kwenye dizeli halali bila dawa yoyote. Tahadhari ipo kwa matrekta ya nguvu farasi zaidi ya 25 yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani kuanzia 2013. Mengi yana chujio la masizi kwenye bomba la moshi, na yamepangiwa dizeli ya salfa isiyozidi 15. Ukilinunua, uliza kwanza chujio hilo litasafishwa na nani na wapi. Kama jibu halipo, chukua trekta la zamani lisilo nalo. Dizeli ya bei ya juu yenye dawa ya kusafisha nozeli haina ubaya, lakini fedha hiyo ina kazi nzuri zaidi ikinunua filta ya akiba.

Ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa kwa nchi za theluji: dawa ya kuzuia dizeli isigande, au kuchanganya na mafuta ya taa. Uache. Baridi ya Dodoma ya Juni na Julai, nyuzi 13 hivi usiku, haigandishi dizeli. Mafuta ya taa yanapunguza ulainisho wa pampu, basi.

Na mafuta ya alizeti, hayawezi kutumika badala ya dizeli? Swali hili huulizwa sana Singida na Dodoma kila mavuno yanapoingia na bei ya mafuta ya kula ikashuka. Mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa ni mazito kuliko dizeli karibu mara kumi. Nozeli haiyapulizi yakawa ukungu, inayatema kama matone. Matone hayo hayaungui yakaisha, yanaganda kama masizi magumu kwenye ncha ya nozeli na kwenye ringi za pistoni, na mengine hupenya hadi kwenye oili na kuifanya nzito kama uji. Trekta litafanya kazi vizuri wiki za mwanzo, na ndiyo maana watu hudanganyika.

Sasa muuzaji. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila mwezi, na sheli nyingine huuza chini yake kidogo, jambo la kawaida. Dizeli ya madumu kando ya barabara inayouzwa chini sana ya hapo ina sababu: imenyonywa kwenye tangi la gari, au imechakachuliwa. Vinasaba, yaani kemikali ya alama iliyoanza kuwekwa kwenye mafuta mwaka 2010, huwasaidia wakaguzi, lakini wewe hutaviona kwa macho, kwa hiyo nunua sheli yenye wateja wengi, ambako mafuta hayakai chini muda mrefu. Dai risiti ya EFD kila mara. Siku mashine ikigoma ndiyo ushahidi wako. Ukikuta tanka linashusha mafuta, rudi kesho. Mafuta yanapomwagika kwenye tangi la chini huvuruga maji na tope lililotulia, na hayo ndiyo utakayopampiwa.

Kabla ya kujaza pipa zima, chukua lita moja kwenye chupa nyeupe ya kioo. Iache usiku kucha. Dizeli nzuri inang'aa, na maandishi ya gazeti yanasomeka ukiyatazama kupitia kwayo. Ikiwa na ukungu, ina maji; utando au mstari ulio wazi chini ya chupa ni maji yaliyokwisha kujitenga. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe pia: dizeli huacha doa la mafuta lisilokauka, petroli hupotea. Ukiwa na kipima uzito wa mafuta, dizeli husoma kati ya 0.82 na 0.86 kwa nyuzi 15. Mchana wa Dodoma mafuta yakiwa na nyuzi 30, ongeza 0.01 kwenye unachosoma. Ukipata chini ya 0.82 hata baada ya kuongeza, yarudishe. Ila mchanganyiko mdogo wa mafuta ya taa unaweza kupita kipimo hiki, kwa hiyo kisikufanye umwamini muuzaji usiyemjua.

Dizeli nyingi huharibikia shambani, baada ya kununuliwa vizuri. Trekta la nguvu farasi 30 likilima hunywa lita 4 hadi 6 kwa saa, hivyo pipa la lita 200 ni kazi ya siku tano au sita. Nunua ya mwezi mmoja, usilundike ya msimu. Pipa lisiwe la mabati, zinki yake huingia kwenye dizeli na kuziba nozeli. Usilijaze hadi mdomoni: lita 200 zikipata joto la nyuzi 15 zaidi huongezeka kama lita mbili na nusu.

Kisha angalia pipa limekaaje. Likisimama wima nje wakati wa masika, mvua hutuama juu ya kifuniko ndani ya ukingo. Usiku dizeli inapopoa hujikunja, na pipa huvuta hewa pamoja na yale maji kupitia nyuzi za kizibo, hata kama umekikaza. Asubuhi kifuniko kimekauka na hakuna anayeshuku kitu. Lilaze juu ya magogo mawili kivulini, vizibo vyote viwili vikiwa usawa mmoja, kushoto na kulia, ili dizeli ivizibe kwa ndani. Ukitaka kuchota, lisimamishe wima, liache bila kusogezwa siku nzima, kisha chota kwa pampu ya mkono, mdomo wa mpira ukiwa sentimita 10 juu ya sakafu ya pipa. Mabaki ya chini yamwage kwenye dumu lake na usiyarudishe kwenye trekta. Ukiona utelezi mweusi kama kamasi, ni vijidudu vinavyoishi mpakani mwa maji na dizeli. Hilo pipa lioshwe lote.

Agosti hadi Oktoba upepo wa Dodoma hubeba vumbi kila mahali. Futa kando ya kifuniko cha tangi kabla ya kukifungua, tumia faneli yenye wavu mwembamba, na usichuje kwa kanga wala pamba, nyuzi zake huishia kwenye filta. Jaza tangi jioni, si asubuhi, ili usiku pasiwe na nafasi ya unyevu kugeuka maji.

Kikombe cha filta kitazame kila asubuhi. Kwenye baadhi ya matrekta kina duara jekundu linaloelea maji yakiingia. Likiinuka, funga koki, mwaga, ukaushe. Vitabu huandika filta ibadilishwe kila saa 200 hadi 400. Kwa vumbi letu shika 200. Trekta likipoteza nguvu likiwa na mzigo lakini linanguruma vizuri bila mzigo, filta ndiyo ya kwanza kushukiwa. Ukishabadilisha, legeza skrubu ya kutolea hewa juu ya filta, sukuma pampu ya mkono ya trekta lenyewe hadi dizeli itoke bila mapovu, kaza, kisha fanya hivyo hivyo kwenye pampu ya nozeli kabla ya kugusa stata.