Jengo likiporomoka: vikosi vingi, amri moja

Ghorofa likianguka, kama lile la Kariakoo, Dar es Salaam, Novemba 16, 2024, wanafika Zimamoto, Polisi, jeshi (JWTZ), Msalaba Mwekundu na wananchi wenye makoleo, kila kundi na mkubwa wake. Wakubwa hao wasipokaa meza moja, kijiko cha mtambo kitafukua pale pale ambapo mwokoaji mwingine ametega sikio amsikie mtu chini ya zege.

Ofisa wa Zimamoto anayetangulia kufika ashike amri papo hapo na aitangaze redioni: jina, cheo, mahali alipo. Akija aliyemzidi cheo, wakabidhiane ana kwa ana. Mkuu wa Wilaya, kwa nafasi yake kwenye kamati ya maafa, atafute mitambo, mafuta, chakula, na atoe taarifa kwa umma. Kifusini asiamrishe mtu.

Hema la amri lisikaribie jengo lililobaki limesimama: umbali uwe angalau mara moja na nusu ya urefu wake. Kila taasisi ilete mtu mmoja anayeweza kusema ndiyo au hapana bila kupiga simu makao makuu. Redio za vikosi tofauti mara nyingi hazisikilizani, na kuhangaika na masafa kunakula saa nzima. Waketi bega kwa bega, kila mmoja na redio yake, agizo lipite kwa mdomo.

Filimbi zifundishwe kabla mtu hajapanda kifusi, wananchi wakiwemo. Mlio mmoja mrefu wa sekunde tatu: kazi isimame, jenereta zizimwe, kimya. Mifupi mitatu: tokeni haraka. Mrefu ukifuatwa na mfupi: endeleeni. Kinachoharibu hapa ni kelele za barabarani. Kifusi kikinyamaza huku bodaboda zinapiga honi, hamtasikia kitu, kwa hiyo polisi wa barabarani nao wapewe redio ya kuwajulisha.

Orodha ndiyo inayoumiza familia zaidi. Ndugu wanamtafuta Mama Asha. Hospitali imeandika "mwanamke, miaka 40 hivi". Polisi wana jina la kitambulisho. Mtu mmoja amekuwa watatu. Kila anayetolewa avishwe namba mkononi kabla ya kupakiwa kwenye gari, na namba hiyo hiyo iandikwe katika daftari la kifusi, la polisi na la wodi. Daftari la kifusi lishikwe na karani mmoja, kwenye njia moja ya kutokea.

Zamu zikibadilishana, wawe pamoja nusu saa juu ya kifusi chenyewe, anayetoka amwonyeshe anayeingia kwa kidole: hapa tumesikia kugonga, pale nguzo inacheza.