Banda la sungura wa nyumbani hapa Dar: tafuta sehemu kwanza, banda baadaye

Hii naiandika kwa wazazi ambao watoto wameshawasumbua wanataka sungura, na kwa wale mlioshanunua kabisa sungura yuko kwenye boksi jikoni mnaanza kuuliza banda. Mi nafuga sungura Dar huu mwaka wa nane, na mabanda natengeneza pamoja na fundi seremala mmoja wa Keko. Karibu kila anayenipigia anaanza na bei ya banda, nikimuuliza utaliweka wapi ananyamaza. Kwa sisi wa pwani inabidi twende kinyume, manake sungura wengi niliowaona wanakufa huku hawakufa na njaa wala ugonjwa, walikufa na joto, na walikuwa ndani ya mabanda mazuri tu ya hela nyingi.

Sungura hatoki jasho kama sisi. Joto la mwili analitoa kupitia masikio na kwa kuhema, basi. Mwenyewe anajisikia vizuri kwenye nyuzi 15 mpaka 20 hivi, ikishapita 28 anaanza kupata tabu, sasa fikiria Dar mwezi wa pili mchana tuko 32 halafu na ule unyevunyevu wa bahari juu yake.

Wa kwanza wangu alikuwa jike mweupe, mwanangu ndo alimpa jina. Nilimweka nyuma ya nyumba kwenye ukuta, asubuhi nzima kuna kivuli, nikajua nimepatia. Siku hiyo ya Februari narudi saa tisa mchana namkuta kalala ubavu, kajinyoosha, pua imelowa, ile mishipa ya masikioni imejaa imekuwa myekundu unaiona mmoja mmoja, na mbavu zinapiga haraka mpaka huwezi kuhesabu. Nikamlowanisha masikio, nikampepea na kanga, akafia mkononi. Niliponyanyua kichwa ndo nikaona: ile mashine ya nje ya AC ilikuwa inapuliza hewa yake ya moto moja kwa moja kwenye banda. Nilikuwa napita pale kila siku na sikuwahi kuiangalia.

Hatua ya 1: Kaa pale mwenyewe

Chukua stuli, nenda sehemu unayoifikiria, ukae dakika kumi saa sita, urudi saa nane, urudi tena saa kumi. Ukiona we mwenyewe unatafuta pa kukimbilia basi sungura aliyevaa manyoya hapawezi. Kama una kipimajoto kitundike palepale kimo cha banda litakapokuwa, usikitundike sebuleni. Halafu jioni kwenye saa kumi na mbili gusa ukuta kwa kiganja, ukuta unaotazama magharibi unakula jua mchana wote na usiku unalitema, ukiwa bado wa moto sogea mbali nao, mita moja na kitu hivi inasaidia.

Na hapa wengi tunakosea: kivuli kinahama. Desemba jua letu linapita upande wa kusini, kwa hiyo mchana nyuma ya ukuta upande wa kaskazini kunapoa. Ikifika Juni jua linapita kaskazini na palepale panakuwa jua tupu. Kama mwembe au mkorosho upo, chini yake ni pazuri kuliko ukuta wowote, ila angalia matawi (nitayarudia).

Hatua ya 2: Upepo

Kuanzia Desemba mpaka Machi tuna kaskazi, baada ya hapo inaingia kusi. Upande wa wavu uache uelekee kaskazi, kwa sababu hiyo miezi ya kaskazi ndo ya joto baya, upepo upite ndani utokee upande wa pili. Kwa hiyo banda lisiwe na kuta tatu za mbao kama kabati, pande mbili zinazotazamana ziwe wavu. Mvua za masika zikija na kusi unashusha turubai upande huo tu, ukishafunga nailoni pande zote mkojo unatoa harufu kali ile inayochoma macho, na pua ya sungura iko chini kabisa karibu na huo mkojo, anaanza mafua ya kifua.

Usiweke karibu na jiko la mkaa, jenereta, wala spika. Sungura ni mnyama wa kuogopa, ukisikia anapiga mguu chini *du, du* usiku ujue kuna kitu kimemtisha.

Hatua ya 3: Ukubwa

Yale mabanda madogo ya kubebea mkononi ni ya safari tu, siyo ya kuishi. Kwa sungura wawili mi natengeneza futi 6 urefu, futi 2 na nusu upana na futi 2 na nusu kimo. Kipimo changu ni kwamba aruke mara tatu bila kugonga ukuta, na asimame kwa miguu ya nyuma masikio yasiguse juu. Na bado kila siku umtoe akimbie uani masaa kadhaa ukiwepo. Ukiweka dume na jike jiandae, mimba yake ni siku 31 tu, na madume wawili watapigana.

Hatua ya 4: Vifaa

Mbao chukua paini isiyo na dawa. Hapa nakuomba sana umsimamie fundi, maana mbao za kupaulia nyingi zimechovywa dawa ya mchwa, zina ile rangi ya kijanikijani, na sungura kutafuna ndo kazi yake mchana kutwa, meno yake hayaachi kukua. Rangi ya mafuta ndani pia hapana.

Wavu usichukue ule mwepesi wa kuku. Mbwa anauchana, panya buku anaukata. Uliza dukani wavu wa kuchomelewa wenye tundu la nusu inchi, hapo hata nyoka mwenye unene wa maana hapiti. Ugongelewe kwa ndani ili sungura asiifikie mbao, kingo zake zifunikwe na kibao chembamba zisimkwaruze.

Sakafu watu wanaweka wavu mtupu ili kinyesi kidondoke, usafi rahisi kweli, lakini sungura hana ule mto laini chini ya unyayo kama paka, ana manyoya tu, akikaa juu ya waya miezi anatoka vidonda miguu ya nyuma. Mi naweka fito za mianzi zilizosawazishwa, nafasi sentimita moja na kidogo, halafu kona moja ubao mzima wa kulalia na kona moja kipande cha taili. Hiyo taili utaona mwenyewe mchana anavyoilalia tumbo. Siku za joto kali unagandisha chupa ya maji ya lita moja na nusu, unaifunga na kitambaa, anaiegemea. Umeme ukikatika taili inabaki kuwa ya baridi.

Paa la bati peke yake ni oveni. Weka makuti, au kama una bati tayari tandika makuti juu yake na uache uwazi chini upepo upite.

Hatua ya 5: Miguu ya banda

Futi 3 kutoka chini, kwa ajili ya maji ya masika na mbwa. Kila mguu upake grisi mzunguko wa kiganja, au uusimamishe ndani ya kopo lenye maji na sabuni. Hii ni kwa ajili ya siafu, wanaingia usiku mmoja na vitoto vyote vinaisha. Sasa lile tawi nililosema, au kamba ya kuanikia nguo, ikigusa tu banda hiyo ni daraja, grisi yako haina kazi tena. Mlango uwe na komeo mbili, moja mtoto anafungua.

Hatua ya 6: Kabla hujamhamishia

Acha banda pale siku mbili tupu, soma kipimajoto saa nane mchana. Ikizidi 30 hamisha au ongeza kivuli, usimwingize kwanza ukasema tutaona. Ukimkuta anahema kwa kasi na pua imelowa mpeleke kwenye baridi haraka, lowanisha masikio kwa maji ya kawaida, siyo ya barafu, na usimtumbukize kwenye ndoo, halafu mpigie daktari wa mifugo.

Akijinyoosha kwenye taili miguu ya nyuma kaitupa pembeni, anahema taratibu, pua inachezacheza kidogo tu, huyo amepumzika. Mwache alale, waambie na watoto wasimguse.