Chipsi za mboga za kukausha mwenyewe nyumbani, kipindi hiki cha kiangazi ndo chenyewe

Wenzangu wa Mbeya, Iringa na Njombe, kuanzia Juni mpaka Septemba huku kwetu mvua hakuna na upepo mkavu unapuliza kutwa nzima, kwahiyo baridi isikutishe, mboga inahitaji upepo kuliko hata joto. Karoti zikishuka bei usiziache zikaoza, kausha.

Zinazotoka vizuri ni karoti, boga, bitiruti na sukuma wiki. Viazi mviringo mi sishauri, bila kukaanga vinakuwa vigumu kama kokoto. Viazi vitamu vinakubali ila kata vyembamba sana, ile michembe ya Wasukuma (viazi vitamu vya kukausha) ni minene kwasababu wao wanakuja kuipika baadae.

Osha, menya, kata vipande vya milimita 2 au 3, na hapa naomba uwe makini kweli vyote vilingane, maana vyembamba vinawahi kukauka na vinene vinabaki na maji katikati afu ndo vinakuja kuotesha ukungu mfuko mzima. Tumbukiza kwenye maji yanayochemka dakika 4 (Mbeya mjini tupo mita kama 1,700 juu, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, ndo maana naongeza dakika moja), toa, tia kwenye maji ya baridi, chuja, futa na kitambaa kisafi. Usiiruke hii hatua, ndo inatunza rangi. Sukuma wiki dakika 2 zinatosha. Bitiruti ichemshe nzima na ganda lake mpaka iive ndo ukate. Nyunyiza chumvi kidogo na pilipili ya unga, mafuta usiweke kabisa yanachacha.

Kuanika: piga fremu ya mbao, wamba neti ya pazia, panga vipande visipandane, nyanyua kwa matofali ili upepo upite na chini, juu funika neti nyingine nzi wasitue. Tafadhali sana usitumie chandarua cha kulalia, vingi vina dawa ya mbu kwenye nyuzi zake! Anika kivulini penye upepo au tandaza kitambaa cheusi kwa juu, jua kali linaua vitamini A ya karoti. Geuza mchana, jioni ingiza ndani kabla ya umande, siku 2 mpaka 4 inategemea na hali ya hewa.

Mwenye oveni aweke nyuzi 60, mlango wazi kidogo, masaa 6 hadi 10. Ukipandisha moto ili uwahi, nje inakakamaa na maji yanabaki ndani.

Ikivunjika tayari, ikikunjika bado. Usishtuke kilo 1 ya karoti kubaki gramu mia na kitu, ni maji yametoka. Zikipoa weka kwenye chupa kavu ya kioo, funga, tikisa kila siku kwa wiki nzima, ukiona matone kwenye kioo anika tena, ukiona ukungu tupa zote. Mvua za Novemba zikianza usiache mfuniko wazi hata kidogo, na zikilainika tu zirudishe kwenye oveni nusu saa.